Tupeane uzoefu: una mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hapa Dodoma, ukienda kazini anabaki na nani?

Mama wa Ilazo
Habari zenu wazazi. Nina mtoto wa kiume, mwaka mmoja na miezi mitano, yuko kwenye ile hatua ya kukimbia kabla hajajua kusimama. Mimi kwetu Moshi, baba yake Mbeya. Kazi ndiyo imetuleta huku, na bibi wa karibu ni wa kupanda basi alfajiri ukafika jioni. Nadhani wengi humu ni hivyo hivyo. Tangu serikali ihamie, mji umejaa watu wenye kazi na nyumba za kupanga ila hawana shangazi wa kumgongea mlango.

Dada wetu wa kazi wa tatu tangu Januari kaondoka juzi. Hakugombana na mtu. Aliaga anaenda kumwaga takataka, tukaikuta ndoo getini. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nimeshavaa nguo za kazi, mtoto mgongoni, mume wangu anawapigia simu watu ambao hatujawatafuta tangu walipotuchangia harusi. Wenzangu mnafanyaje?

Baba wa Nkuhungu
Pole sana. Sisi nasi wasichana wa kazi walitushinda, tukampeleka binti kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Cha kwanza kilikuwa na picha nzuri ukutani, bembea, na mwenye nacho anaongea vizuri kweli. Asubuhi tunafunga pampasi nne, jioni zinarudi nne. Mke wangu akasema labda mtoto hanywi maji. Siku moja nikatoka kazini Mtumba mapema, nikapita pale saa nane bila kupiga simu. Watoto kama ishirini chumba kimoja, mlezi mmoja, televisheni inapiga kelele, binti yangu kakaa pembeni kakumbatia kiatu cha mwenzake. Pampasi aliyovaa ni ile niliyomfunga mimi asubuhi, imejaa kama dumu.

Kwa hiyo usidanganywe na bembea. Nenda saa wasiyokutegemea, hesabu walezi, angalia wanapolala, halafu nusa. Kweli kabisa, nusa. Anakokwenda sasa hata ukuta haujapigwa rangi, ila mlezi ananipa taarifa mlangoni: kala nini, kalala saa ngapi, kaanguka wapi. Shida iliyobaki ni safari ya kurudi. Akisinzia kwenye daladala saa kumi na moja jioni, ujue saa sita usiku yuko macho anataka tucheze mpira.

Muuza Nyanya, Majengo
Nyie mnachagua. Wangu ana miaka miwili na nusu, nakuja naye sokoni tangu ana miezi mitatu. Zamani alikuwa analala kwenye boksi chini ya meza, nimemtandikia kanga. Siku hizi hakai, anapanga mafungu na mimi. Ana hesabu yake mwenyewe: moja, mbili, mia tano. Wateja wanacheka, na mtu akicheka ananunua.

Kipindi kigumu ni Juni mpaka Septemba. Upepo wetu mnaujua, vumbi linakuja kama kuna mtu kalimwaga kwa ndoo, na asubuhi baridi ya kung'ata. Mwaka jana alikohoa wiki mbili mfululizo. Pale zahanati nikaambiwa nimtoe kwenye vumbi. Nikauliza, nimpeleke wapi? Wakaandika dawa.

Kilichoniokoa ni mama wa mchicha, meza ya pili yangu. Nikienda kufuata mzigo alfajiri anabaki naye kwake, mimi namlindia meza mchana akalale. Hatulipani. Tuligombana mara moja tu, mwanangu alipomwagilia mchicha wake soda.

Mwalimu wa Makulu
Naona mnaongelea wa miaka miwili. Mimi kasheshe ilianza siku ya 85, maana likizo ya uzazi ni siku 84. Wenye mapacha angalau 100. Baba wana tatu, na wangu moja aliimalizia kufunga chandarua.

Mke wa Ijumaa
Sisi mume yuko Dar, mimi na mtoto Dodoma. Kabla ya 2024 alikuwa anakuja kwa basi mara moja kwa mwezi, anafika miguu imevimba, Jumapili asubuhi anageuza. Treni ya umeme ilipoanza, masaa matatu na kitu yupo hapa, kwa hiyo kila Ijumaa mtoto analala na baba yake. Uzuri huo una kero zake. Wiki nzima nimejenga utaratibu wa kulala saa mbili, mwenye treni anaingia na biskuti usiku, utaratibu umekufa. Na mtoto akisikia honi yoyote, hata ya gari la maji, anakimbilia mlangoni: "Baba!" Jumatano hiyo.

Bibi wa Chang'ombe
Naandikiwa na mjukuu wangu. Mimi mzaliwa wa hapa hapa, nakaa na watoto wanne wa majirani, wazazi wao wote wa kuja. Sina bei. Huyu ananiletea sukari, yule elfu kumi kwa wiki, mwingine akikwama anafua.

Mwanzoni mama mmoja alinuna kwa sababu nilimpa mwanawe ugali wa uwele na mlenda. Alikuwa ameniachia mkebe wa nafaka ya dukani. Mtoto mkebe aliusukuma, mlenda akalamba mpaka vidole. Sasa mtoto huyo anaamkia kila mtu kwa Kigogo, "mbukwenyi", hata bosi wa mama yake kamwamkia hivyo, na bosi ni Mgogo, kafurahi mno. Mama kaja kunishukuru na kilo mbili za mchele.

Nyie wageni mnajenga ukuta mrefu, mnaingiza gari, mnafunga geti. Mwaka mzima jirani hajui kama una mtoto, halafu dada akiondoka unapiga simu Mbeya.

Mama wa Ilazo
Bibi umenipiga penyewe. Jana nimegonga nyumba ya tatu kutoka kwetu, kuna mama anachoma maandazi. Akaniambia sauti ya mwanangu anaijua, anamsikia akilia kila asubuhi. Leo kabaki naye. Nimerudi nimemkuta kalala mkekani, mkono mmoja kang'ang'ania andazi, magoti mekundu kwa vumbi.

Swali la mwisho: mwezi ujao anatimiza miezi 18, ana chanjo ya pili ya surua na rubela. Ruhusa kazini sina tena. Nimtume huyu mama na kadi ya kliniki?

Muuza Nyanya, Majengo
Baba yake si yupo? Wangu alienda mara moja, wanawake wakamwonea huruma wakampisha mbele ya foleni. Alitamba wiki nzima.