Mashefu wawili, mfanyakazi mmoja

Mtunza bohari, Lubumbashi:
Bayaya, kaka na dada zangu wakubwa, nisaidieni. Miaka sita nilikuwa na shefu mmoja. Mkali, lakini nilijua anataka nini. Sasa ninao wawili: wa bohari hapa, na wa mradi kule Kinshasa. Kila mmoja anasema kazi yake ndiyo ya kwanza. Wa Kinshasa anadai ripoti saa kumi na moja jioni, saa za kwake. Hapa ni kumi na mbili, giza linaingia, watoto wananingoja nyumbani, mtaa wa Kamalondo. Usingizi umenikimbia.

Yaya wa Kampemba:
Pole sana, mdogo wangu. Kuchagua nani wa kwanza si mzigo wako. Andika kazi zote kwenye karatasi moja, watumie wote wawili pamoja, wapange wenyewe. Mimi nilifanya hivyo; siku ya tatu wakapigiana simu.

Muuza vipuri:
Mwaka 1979 mtafiti Karasek wa Marekani alieleza hivi: kinachoumiza ni kazi nyingi pamoja na uhuru mdogo wa kuamua. Dukani kwetu hakuna ngazi za vyeo, bosi ni kaka yangu, na bado naumia. Kumkataa kaka nitaanzia wapi?

Mtunza bohari:
Asante yaya. Naandika usiku huu. Wa bohari hasomi imeli, nitampelekea mkononi.