Tupeane uzoefu: miti shamba mliyotumia kutibu funza na choa

Mama Wawili, Maseno
Leo nimepita shule ya msingi ya jirani nikaona watoto wamekaa safu, miguu ndani ya mabeseni ya maji ya zambarau, na nikamkumbuka nyanya. Yeye hakuwa na pamanganeti, dawa hiyo inayoyapa maji rangi ya zambarau. Alichemsha majani ya mwarobaini, akatuosha miguu kila jioni, kisha akatupaka mafuta ya mbegu zake, ambayo harufu yake ilitufukuzia hata marafiki. Ninyi wenzangu mlitumia nini, na kiliwafaa?

Mzee wa Luanda
Kwetu ilikuwa shubiri. Jani lilipasuliwa, ute ukapakwa kidonda baada ya funza kutolewa kwa pini. Kidonda kilipoa, lakini juma lililofuata funza wengine walikuwa wameingia.

Kijana wa Mbale
Sisi tulikamuliwa tunda la njano la ndulele. Liliwasha kuliko funza mwenyewe.

Mkaazi wa Ahero
Mmenikumbusha jambo ambalo singependa limpate mtoto wa mtu. Mwanangu alikuwa na choa kichwani, mabaka ya mviringo yaliyokula nywele. Nilikuwa sokoni wakati jirani, kwa nia njema kabisa, alipovunja tawi la manyara kwenye ua wa mpaka, ule mti usio na majani tunaouita ojuok, akampaka utomvu wake mweupe kichwani kote. Jua lilikuwa kali, mtoto akatoka jasho, jasho likateremka na utomvu hadi jichoni, naye akalisugua kwa mikono yote miwili. Niliporudi nilimkuta amejikunja chini ya kitanda kwa sababu hakuweza kuvumilia hata mwanga wa mlango uliokuwa wazi. Tulimmiminia maji ya mtungi jichoni hadi mtungi ukaisha, tukaazima mwingine, na usiku ule hakuna aliyelala. Hospitalini walituambia kwamba kioo cha jicho kilikuwa kimeungua. Alipewa dawa ya matone, akafungwa kitambaa, na kwa rehema za Mungu anaona. Choa, hata hivyo, kilibaki palepale, hadi alipomeza vidonge vya griseofulvini, dawa ya kuua kuvu, kwa majuma kadhaa.

Mama Wawili, Maseno
Pole sana, dada. Nimesoma huku nimeshika macho yangu.

Mtunza Miti, Kakamega
Pole, lakini msiutie mti hatiani. Hakuna mganga anayejua kazi yake ambaye angepaka manyara kichwani mwa mtoto. Kwa choa hutumiwa majani mabichi ya sena yaliyopondwa.

Kijana wa Mbale
Mganga huyo anayejua kazi yake hukutoza kuku wangapi?

Mtunza Miti, Kakamega
Wachache kuliko gharama ya kliniki.

Sista Mstaafu, Kisumu
Wanangu, turudi kwenye ngozi. Sena inaweza kusaidia choa cha mkononi au tumboni, kwa kuwa kuvu yake iko juu ya ngozi. Kile cha kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo hakuna jani wala krimu inayofika, na ndiyo maana mtoto wa Ahero alihitaji vidonge. Kuhusu funza, yule jike akishazama huacha ncha ya nyuma nje, na kwa tundu hilo hupumua na kutaga mayai. Mafuta mepesi yakiliziba, anakufa bila kuguswa na pini. Utafiti uliofanyiwa watoto wa Gatundu na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni, hawakuwa na dalili yoyote ya uhai, ilhali wa pamanganeti walikuwa asilimia 39. Kwale nako walijaribu mwarobaini uliochanganywa na mafuta ya nazi. Kwa hiyo nyanya wa Maseno hakuwa akibahatisha. Pini ya kupokezana ndiyo niliyoipiga vita maisha yangu yote, kwa maana huleta pepopunda, na hubeba virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi kutoka mguu hadi mguu.

Fundi, Nyalenda
Mafuta ya taa yaliwamaliza wangu wote.

Sista Mstaafu, Kisumu
Na ngozi je, fundi?

Fundi, Nyalenda
Ilichunika, Sista. Shemeji yangu alitumia dawa ya kupe ya ng'ombe, kwa hiyo mimi nilijiona mwenye busara.

Mzee wa Luanda
Nyumba ya udongo isipomwagiwa maji na kukandikwa upya, mtapaka hadi mwarobaini uishe Nyanza yote. Mayai yamo kwenye vumbi la sakafu, pale watoto wanapolala.

Mama wa Njoro
Huku kwetu ni baridi, na mwarobaini niliopanda umekauka mara tu ulipochipua. Je, nikinunua mafuta ya chupa sokoni Nakuru?

Mtunza Miti, Kakamega
Mengi huongezwa mafuta ya kupikia. Agiza mbegu Kisumu, zilizoanikwa kivulini, uzitwange mwenyewe.

Kijana wa Mbale
Na umwandalie Mtunza Miti kuku wake.