Yarra, Barossa au Margaret River: wapi panafaa nikiwa na mama mkwe asiyekunywa?

Msafiri wa Chamazi

Wakuu, heshima kwenu. Shemeji yangu anahitimu chuo Melbourne mwakani, mwezi wa nne, na familia imeamua tuende wote. Baada ya mahafali tutabaki na siku nne za kuzunguka.

Mke wangu anapenda mvinyo. Si wa kulewa, ni wa kuonja na kuuliza maswali mpaka mwenye kiwanda achoke. Mimi nafuata chakula. Mama mkwe ni mtu wa swala tano, kileo hagusi na nguruwe hali, ila kwa matembezi anatushinda sote.

Nimesomasoma nikabaki na majina matatu: Yarra, iliyo jirani na Melbourne, Barossa, upande wa Adelaide, na Margaret River, kusini mwa Perth. Kila mwandishi anavutia kwake. Mliofika au mnaoishi huko, nisaidieni: wapi kuna chakula cha maana, na wapi mama hatakaa kwenye gari akitusubiri? Nawasilisha.

Dada wa Footscray

Karibuni sana Melbourne. Mimi sizunguki: bakini Yarra. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na hata asiye na gari anapanda treni mpaka Lilydale, kisha basi mpaka Healesville. Siku nne mkianza kuzigawa kwenye viwanja vya ndege mtabaki na nini?

Yarra kuna ubaridi, kwa hiyo sifa yake ni mvinyo wa zabibu za Pinot Noir na Chardonnay, pamoja na mvinyo wa mapovu. Hata Wafaransa wa shampeni ya Moët & Chandon walikuja kufungua shamba lao hapa mwaka 1986. Mkeo akitaka historia, aende Yering Station, mahali palipopandwa mizabibu ya kwanza ya jimbo la Victoria, 1838. Chakula kipo: jibini la Yarra Valley Dairy, samaki trauti, matunda ya vichaka. Na mama mpelekeni Healesville Sanctuary akaone koala, kangaruu na platypus. Nyie mtaonja, yeye atakuwa anashangaa wanyama. Kila mtu na lake.

Kaka wa Fremantle

Dada, Yarra ni ya mtu mwenye siku moja. Mwenye siku nne aje Margaret River.

Naanza na ubaya ili nisije kulaumiwa. Melbourne hadi Perth ni kama saa nne angani, kisha kuna karibu kilomita 270 za barabara kuelekea kusini, saa tatu mkienda bila kusimama. Lakini msiende bila kusimama. Njiani kuna Busselton, na gati lake la mbao linaloingia baharini karibu kilomita 1.8. Mama akichoka kutembea, kuna treni ndogo juu ya hilo gati.

Mizabibu ya huku ni ya juzi tu. Mtafiti mmoja, John Gladstones, aliandika katikati ya miaka ya 1960 kwamba hali ya hewa ya hapa inafaa, na 1967 daktari wa moyo kutoka Perth, Tom Cullity, akapanda shamba la Vasse Felix. Madaktari wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Leo ukitaja mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon wa Australia, watu wanataja Margaret River.

Sasa chakula. Kuna marron, kamba mkubwa wa maji baridi ambaye asili yake ni huku Australia Magharibi. Akiwa hai ni mweusi, akipata moto anawiva mwekundu. Wanampasua katikati kwa urefu, wanampaka siagi na majani ya viungo, anachomwa upande wa gamba ili mchuzi wake usimwagike. Nyama yake ni nyeupe, ina utamu kidogo, haina ile chumvi ya kamba wa baharini. Kama mama anakula kamba, mpeni huyu mtaniombea dua. Halafu mpelekeni Prevelly kwenye mawimbi, atazame Bahari ya Hindi kutoka upande wa pili.

Bakora

Nauli ya watu watatu kutoka Dar mpaka Melbourne, halafu mpande ndege nyingine kwenda kuonja vijiko viwili vya mvinyo na kuutema kwenye ndoo. Tena kwa kulipia! Hela ya mtu haina ushauri, lakini jamani.

Shangazi wa Adelaide

Bakora, safari inafuata mahafali ya mtoto, siyo mvinyo. Na kutema ndiko kunakomwezesha mtu kuonja sehemu nne akabaki na akili zake. Ni kweli vyumba vingi vya kuonjea siku hizi vinatoza ada, ila baadhi wanakukatia ukinunua chupa. Ulizeni kabla hamjaketi.

Msafiri, mimi naishi Adelaide na wageni wangu wote nawapeleka Barossa, kwa hiyo nitaegemea kwangu bila aibu. Wenzangu hapo juu wametaja chakula kizuri, sibishi. Lakini ni chakula kilichokuja baada ya mvinyo kuleta watalii. Barossa mambo hayo mawili yalifika pamoja. Walutheri wa Kijerumani walihama Prussia kwa sababu ya dini yao, wakaanzisha kijiji cha Bethany mwaka 1842, na walikuja na namna zao za kuoka, kukausha nyama kwa moshi na kutia matango kwenye siki na majani ya kiungo (dill). Wajukuu wa wajukuu wao bado wanavifanya vitu hivyohivyo, na wanavila wao wenyewe nyumbani, siyo maonyesho ya wageni.

Pale Tanunda kuna Apex Bakery, ya tangu 1924, na tanuri lao ni la kuni. Waokaji wa Barossa wana keki inaitwa Bienenstich. Chini ni mkate laini wa hamira, katikati kasta, na juu lozi zilizopikwa na asali na siagi mpaka zikashikana na kuwa kahawia. Ile ya asubuhi lozi zake zinavunjika chini ya jino. Ikifika jioni zimelegea. Kwa hiyo msinunue ya kubeba, kuleni palepale barazani.

Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima Angaston, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tano na nusu. Fikeni mapema. Hapo utamkuta bibi anauza matango yake na jamu, kijana anauza mikate, mwingine mayai na maua, na mtu anayekuhudumia mara nyingi ndiye aliyelima au kupika.

Kwa upande wa mama, niseme wazi: mettwurst na soseji zao nyingine, na ile nyama ya moshi wanayoiita lachsschinken, ni nguruwe au zimechanganywa. Aziache zote kwa jumla asijisumbue kuuliza moja moja. Ana mengine ya kula: jibini, mikate, zeituni, samaki. Nuriootpa kuna duka la shamba la Maggie Beer, mpishi maarufu sana hapa nchini. Mwaka 1984 alianza kutengeneza verjuice, yaani juisi ya zabibu zilizokamuliwa kabla hazijaiva. Haina kileo, ni kali kiasi, wapishi wanaitia kwenye samaki na kuku pale ambapo sisi tungekamua ndimu. Pate za hapo, yaani nyama au maini yaliyosagwa ya kupaka kwenye mkate, aziulizie kwanza, maana pate nyingi popote zina tone la kileo.

Mahali pa kuwaweka wote watatu bila mtu kununa ni Seppeltsfield. Kiwanda ni cha 1851. Njia ya kuingilia imepandwa mitende pande zote mbili, maelfu, kilomita kwa kilomita. Ilipandwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wenye shamba walipotaka wafanyakazi wasikose kazi. Nimempeleka pale mama mmoja wa Pemba, akagoma kuingia kwenye kuonja, akataka tu tuendeshe tena polepole aione mitende.

Ndani, kwa mkeo, kuna ghala lenye mapipa ya mvinyo mtamu uitwao Para, ya kila mwaka tangu 1878, hawajaruka hata mmoja. Anaweza kulipia kuonja wa mwaka wake wa kuzaliwa, moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Wanampa kidogo tu. Ule wa miaka mingi ni mweusi unaokaribia rangi ya kahawa, mzito. Ukizungusha glasi, unabaki umeshika kwenye ukuta wake na unashuka taratibu.

Mgogo wa Hombolo

Naingia kama mkulima wa zabibu. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Kule wanavuna mara moja, Februari hadi Aprili, kwa hiyo Msafiri utakuta mwishoni mwa msimu. Baadhi ya viwanda bado vitakuwa vinanukia zabibu zinazochacha.

Nilipata bahati ya kufika Barossa kimafunzo. Kilichonishika ni umri. Langmeil, kiwanda cha huko, wana shamba la zabibu za Shiraz linalosemwa kupandwa 1843 na bado linazaa. Huku mzabibu wa miaka thelathini tunauita mzee. Kule wana utaratibu wa kuipanga kwa madaraja: kuanzia miaka 35, 70, 100, mpaka 125 na kuendelea. Shina lake ni nene, limejisokota, gome linabanduka vipande, na lina mipasuko ambayo kidole kinazama. Ukitazama huamini kama kuna kitu kinapita humo, halafu juu unakuta majani na vichala vidogo, punje ndogo, ngozi nene. Mazao ni machache lakini ladha imejikusanya.

Sababu ya kuendelea kuwa hai ni kwamba filoksera, yule mdudu anayekula mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hajawahi kuingia Australia Kusini. Victoria yupo. Sehemu ya Yarra iko chini ya karantini yake tangu 2006. Msafiri, hili linakuhusu wewe: mkianzia Yarra kisha mkaenda Barossa, msiingie katikati ya mistari ya mizabibu kupiga picha, na viatu vya Yarra msiende navyo shambani. Kule wanalichukulia hilo kwa uzito, na vibao vimewekwa.

Dada wa Footscray

Haya, hilo la mdudu ni kweli, siwezi kukataa. Ila bado nasema mtu asipite Melbourne bila kuonja Yarra hata siku moja.

Msafiri wa Chamazi

Mmenifungua macho. Shangazi, hiyo mitende imenimaliza. Nimemsomea mama, ameshaanza kupanga nguo. Naona hivi: siku ya kwanza Yarra na Healesville, kisha ndege ya Adelaide, tulale Barossa. Margaret River naiacha, Kaka samahani, saa nne angani pamoja na tatu barabarani kwa mguu wa mama ni nyingi.

Maswali mawili. Nani ataendesha? Na Adelaide kwenyewe kuna cha kumfaa mama?

Kaka wa Fremantle

Hakuna shida. Marron atakusubiri.

Shangazi wa Adelaide

Kuendesha: kikomo cha kileo kwenye damu ni asilimia 0.05, na kwa wenye leseni za mwanafunzi au za muda ni sifuri kabisa, kwa hiyo mhitimu wenu msimtegemee kama ana ile ya muda na ameonja chochote. Polisi wanasimamisha magari wanapotaka na unapuliza kipimo. Kama wewe hutaonja, endesha. Kama utaonja, kodini gari lenye dereva kwa siku ya viwanda tu. Ni ghali, ila watu watatu au wanne mkigawana inavumilika. Na jioni punguzeni mwendo, kangaruu wanapenda barabara saa hizo.

Adelaide fikeni Ijumaa. Mpelekeni mama Central Market, soko la tangu 1869, lina samaki, viungo, matunda, jibini, kila kitu. Jumapili na Jumatatu linafungwa, ndiyo maana nasisitiza Ijumaa. Kutoka hapo, si mbali kwa miguu, upo msikiti wa Little Gilbert Street, uliojengwa 1888 na 1889 na Waafghani waliokuwa wakiongoza misafara ya ngamia jangwani. Ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa nchini. Aswali hapo, jioni mwende Barossa, mlale, Jumamosi alfajiri mko sokoni Angaston.

Ila tazama kalenda: Ijumaa hiyo ikiangukia Ijumaa Kuu, viwanda karibu vyote vitafungwa. Na mwaka ukiwa wa namba witiri, kuna tamasha la mavuno la Barossa, nalo huwa karibu na wakati huohuo; vyumba vinajaa mapema sana.

Dada wa Footscray

Na matunda mtakayonunua huku Victoria yamalizeni kabla ya ndege. Australia Kusini hawataki kuingiziwa nzi wa matunda, kuna mapipa ya kutupia uwanjani.

Msafiri wa Chamazi

Na achari ya embe ya mama je? Amesema haendi popote bila hiyo.

Shangazi wa Adelaide

Aiandike kwenye kadi ya kuingilia nchini, mkifika Melbourne aionyeshe. Akiitangaza, likiwa baya sana wataichukua. Akiificha, ni faini, na mbwa wao wanainusa tangu kwenye mkanda wa mizigo.