Benki kufungwa siku za maombolezo: ni haki yao?

Kutoka: mwanakikundi, Dallas

Habari zenu kaka na dada,

Naandika nikiwa bado na uchungu, mniwie radhi. Mama alikuwa amelazwa Nairobi. Alipata nafuu, daktari akasema Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025 anaweza kurudi nyumbani. Jumatano tarehe 15 nikatuma salio la bili, benki kwa benki, kutoka akaunti yangu hapa hadi ya dadangu. Siku hiyohiyo ndipo ilipotufikia habari ya kifo cha Raila Odinga. Nililia kama wengi wenu mlivyolia, na hata kidogo sikuwaza kwamba msiba ule ungeifikia pesa ya mama.

Ijumaa ikatangazwa sikukuu kwa ajili ya mazishi ya kitaifa. Benki zikafungwa. Jumamosi na Jumapili pesa za kutoka nje haziingizwi. Jumatatu tarehe 20 ni Mashujaa, sikukuu ya kila mwaka. Dadangu aliiona pesa Jumanne tarehe 21. Mama alikaa wodini siku nne ambazo hakuhitaji kukaa, na kila siku ina malipo yake ya kitanda.

Sasa nauliza, na naomba jibu la mtu anayejua: benki ina haki ya kufunga kwa sababu nchi inaomboleza? Na kama inayo, mbona hapa Marekani tarehe 9 Januari, siku ya kumuomboleza rais wa zamani Jimmy Carter, posta ilifungwa lakini nilipoenda benki nilihudumiwa kama siku yoyote?

Kutoka: mwanakikundi, Minneapolis

Dada wa Dallas, pole sana, na mpe mama pole zetu. Nimefanya kazi idara ya malipo ya benki kwa miaka, kwa hiyo nitajaribu kulifungua jambo hili polepole.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo vinywani mwetu vimekuwa kimoja. Kuna siku za maombolezo, na kuna sikukuu ya umma. Rais alitangaza siku saba za maombolezo kwa Raila. Kuomboleza ni bendera kushushwa nusu mlingoti, ni heshima. Benki haiwezi kukuambia "tunaomboleza" halafu ikafunga mlango siku saba. Alhamisi tarehe 16 tulikuwa tayari katika maombolezo, na haikuwa sikukuu. Ijumaa tarehe 17 ilikuwa tofauti kwa sababu ilitangazwa sikukuu chini ya Sheria ya Sikukuu za Umma, ile Sura ya 110. Tangazo la namna hiyo hutoka katika Gazeti rasmi la Serikali, na likishatoka, siku hiyo inakuwa sawa na Jamhuri au Krismasi. Hapo benki inafunga kihalali.

Na si mara ya kwanza. Kwa Mzee Moi ilikuwa Jumanne tarehe 11 Februari 2020. Kwa Kibaki ilikuwa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2022, na hiyo naikumbuka vizuri kuliko zote: Leba Dei iliangukia Jumapili, ikasogezwa Jumatatu tarehe 2 Mei, na Jumanne tarehe 3 ikawa Idd. Aliyetuma pesa Alhamisi jioni alisubiri hadi Jumatano. Upande wa pili, Malkia Elizabeth alipofariki Septemba 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru siku nne za maombolezo na bendera zikashushwa, lakini Ijumaa na Jumatatu zilizokuwa ndani ya siku hizo hazikufanywa sikukuu kwa ajili yake. Kwa hiyo ukisikia msiba mkubwa nyumbani, usiishie kusikiliza ni siku ngapi za maombolezo. Tafuta kama kuna siku iliyotangazwa sikukuu, na ni ipi.

Sasa Marekani. Tarehe 9 Januari 2025 Rais Biden aliitangaza siku ya kitaifa ya maombolezo na akaamuru ofisi za serikali kuu zifungwe. Posta ikasimamisha huduma zake za kawaida. Soko la hisa la New York na Nasdaq yakafunga, kama soko la New York lilivyofunga Jumatatu tarehe 25 Novemba 1963 siku ya kumzika Kennedy. Lakini amri ile iliwahusu wafanyakazi wa serikali kuu. Benki za huku zinafuata kalenda ya Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, yenye sikukuu 11 tu zilizoandikwa katika sheria. Ya mwisho kuongezwa ni Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, mwaka 2021, na ililazimu Bunge lipitishe sheria. Tangazo la maombolezo haliongezi siku ya 12. Mitambo ya malipo ilifanya kazi siku hiyo, ndiyo maana ulihudumiwa.

Je, benki ya Marekani ingeweza kufunga kama ingetaka? Ndiyo. Kila benki hujipangia saa zake. Na sheria ya benki zenye leseni ya serikali kuu ina kifungu kinachosema jimbo likitangaza siku kuwa sikukuu rasmi, iwe ya dharura au ya heshima, benki hizo zilizomo jimboni zinaweza kufunga au kubaki wazi, isipokuwa msimamizi wao mkuu aamuru vingine kwa maandishi. Kwa hiyo hilo neno "zinaweza" lipo. Lakini hata benki yako ikifunga, madeni yako hayasimami. Siku hiyo bado inahesabiwa siku ya kazi, kwa sababu haimo katika zile 11.

Kutoka: mwanakikundi, Leicester

Dada, pole. Mimi niwape ya Uingereza, maana tuliyapitia yote.

Malkia alifariki tarehe 8 Septemba 2022. Maombolezo ya kitaifa yakaenda hadi siku ya mazishi, Jumatatu tarehe 19. Muda wote huo serikali ilisema wazi kwamba hakuna biashara inayolazimika kusimama. Benki zilikuwa wazi, maduka yalikuwa wazi. Siku moja tu, ile tarehe 19, ndiyo iliyotangazwa kuwa sikukuu ya benki, chini ya sheria ya mwaka 1971 inayompa mfalme uwezo wa kuitangaza. Hapo matawi yalifungwa. Malipo ya papo kwa papo kwenye simu yaliendelea kama kawaida kwa sababu hayafungi usiku wala sikukuu. Yaliyosimama ni yale makubwa, kama ya kununua nyumba, na makato ya kila mwezi yalisogea hadi Jumanne.

Niongeze jambo linalowaumiza vijana wetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee: sikukuu ya benki haikupi haki ya kisheria ya kukaa nyumbani. Ni mkataba wako unaosema. Siku ile niliingia zamu saa moja asubuhi na malipo yangu yakawa yaleyale. Someni mikataba kabla ya kuweka sahihi.

Kutoka: mwanakikundi, Toronto

Shikamooni wakubwa. Dada wa Dallas, pole kwa kuuguza.

Naona ajabu kwamba marehemu ni huyohuyo mmoja na tarehe ni hiyohiyo 19 Septemba 2022, lakini hapa Kanada benki zilikuwa wazi. Serikali kuu iliwapa mapumziko wafanyakazi wake, kisha ikawaambia waajiri walio chini ya sheria za serikali kuu, na benki ni miongoni mwao, kwamba wanakaribishwa kufanya hivyo ila hawalazimiki. Benki zikachagua kufanya kazi.

Kwetu Tanzania ni kama alivyosema kaka, ila sisi tunasema siku ya mapumziko. Mzee Magufuli alipofariki Machi 2021 tuliomboleza siku 21, na Jumatatu tarehe 22 Machi, siku ya kumuaga Dodoma, ilitangazwa mapumziko. Mzee Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024 yalikuwa maombolezo ya siku saba, akazikwa Jumamosi, na wiki iliyofuata watu walikuwa kazini. Bibi yangu hupokea pensheni benki, na huwa hatofautishi kabisa. Akisikia nyimbo za maombolezo redioni anajua hakuna benki, hatoki nyumbani. Nimempigia simu jana kumweleza.

Kutoka: mwanakikundi, Perth

Nyongeza fupi. Australia haikutumia tarehe 19. Iliweka Alhamisi tarehe 22 Septemba kuwa siku ya kitaifa ya maombolezo na pia sikukuu, benki zikafungwa. New Zealand wakaweka tarehe 26. Mwenye akaunti nchi mbili asidhani kalenda zinafanana.

Kutoka: mwanakikundi, Houston

Kaka wa Minneapolis, swali. Kadi yangu ya mkopo ilikuwa ilipwe tarehe 9 Januari hiyohiyo. Mimi hulipa kwa hundi, kwa posta. Hundi ikafika tarehe 10, nikatozwa faini ya kuchelewa. Nililipa nikanyamaza. Nilikosea?

Kutoka: mwanakikundi, Minneapolis

Ndugu yangu, hukukosea kulipa, ulikosea kunyamaza. Kanuni za kadi za mkopo zinasema tarehe ya mwisho ikiangukia siku ambayo kampuni haipokei malipo ya posta, hundi ikifika siku ya kazi inayofuata haihesabiwi kuwa imechelewa. Na mfano unaotolewa ndani ya ufafanuzi wa kanuni hiyo ni huo wa siku ambayo posta haileti barua. Wapigie, wasomee tarehe, waombe warudishe faini.

Lakini hii ni kwa malipo ya posta. Kama kampuni ilikuwa inapokea malipo ya mtandaoni siku ile na wewe ukalipa mtandaoni siku iliyofuata, hapo umechelewa kweli. Ndiyo maana niliandika kwamba madeni hayasimami. Kodi ya nyumba ni hivyohivyo, inategemea mkataba wako na mwenye nyumba. Nimeona watu wakisema "lakini ilikuwa siku ya maombolezo" mbele ya mtu ambaye hata haelewi wanazungumzia nini.

Dada wa Dallas, nirudi kwako, kwa sababu nimelifikiria jambo lako tangu jana. Mambo matatu.

Ulituma Jumatano saa ngapi? Dallas ikiwa saa sita mchana, Nairobi ni saa mbili usiku. Pesa ya mchana wa Jumatano kwako ni usiku wa Jumatano kwao, na kabla haijapita benki inayounganisha yako na ya dada yako na kukaguliwa, Alhamisi imekwisha. Hakuna aliyekuibia. Ila uliingia kwenye lango likiwa linafungwa.

Pili, siku kama hizi usipitie benki kwa benki kama kiasi kinaruhusu vingine. M-Pesa haifungi sikukuu. Muamala mmoja ni hadi shilingi 250,000, na akaunti inabeba hadi 500,000. Hospitali nyingi zina namba ya Paybill, ya kulipia bili kwa M-Pesa, kwa hiyo dada yako akipokea kwenye simu anaweza kulipa hapohapo kaunta. Na kama tayari kuna pesa katika akaunti yoyote ya ndugu huko nyumbani, Pesalink huihamisha kutoka benki moja kwenda nyingine siku yoyote na saa yoyote, chini ya shilingi milioni moja. Sisi tulio nje tuna mazoea ya kutuma kila kitu dakika ya mwisho. Mimi sasa naacha akiba kidogo kwa mdogo wangu kule Nakuru, ya mambo ya hospitali tu.

Tatu, tafuta risiti. Ukituma pesa nje kutoka Marekani, benki au kampuni inayokutumia lazima ikupe karatasi inayoonyesha tarehe ambayo pesa itapatikana. Ikichelewa kupita tarehe hiyo, una siku 180 kuanzia hapo kuripoti kwamba kuna kosa, na lazima wachunguze. Siahidi kwamba watakurudishia ada. Sheria inawasamehe pale ambapo serikali imechukua hatua ambayo haikuweza kutarajiwa, na sikukuu iliyotangazwa ghafla wataitaja. Lakini Mashujaa inajulikana kila mwaka. Hiyo ya Jumatatu hawawezi kuiita ya ghafla, waulize kwa nini hawakuihesabu.

Kutoka: mwanakikundi, Dallas

Asanteni, asanteni sana wote. Nimesoma majibu yenu kwa sauti kwenye simu, mama akisikiliza. Yuko nyumbani, anatembea hadi uani na kurudi. Anasema hamkasirikii mtu kwa ile siku ya mazishi, kwamba angekuwa na nguvu angeenda mwenyewe uwanja wa Nyayo. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na kwa kweli nyingi ilikuwa ya kuwa mbali.

Kaka, nilituma saa tisa alasiri. Kumbe Nairobi walikuwa karibu na usiku wa manane.

Risiti nimeipata kwenye barua pepe. Tarehe iliyoandikwa ni 20 Oktoba, Mashujaa yenyewe. Nimeiprinti na nitawapigia kesho asubuhi wakifungua. Dadangu naye ameenda kuchukua namba ya Paybill ya hospitali, maana mama ana miadi ya daktari mwezi ujao.