Nimenyolewa hamamelisi yangu, ule mti mdogo unaochanua majira ya baridi, halafu naambiwa "nimekusafishia"!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si kwa baridi.

Mnamjua. Simtaji, humu ameshawapitia wote. Yule wa mkasi. Yule ukimwambia apunguze jani moja anakuachia kisiki.

Miaka 7 nailea hamamelisi. Mti wenyewe unakua kama umegoma. Kiangazi naibebea ndoo za maji ya mvua, maana ya bomba langu yana chokaa na yenyewe chokaa haitaki. Wanangu wa kuwazaa sijawahi kuwabebea maji hivyo! Juzi matumba yamejaa matawini, ya kahawia, madogo kama vichwa vya kiberiti, yanasubiri Januari yafungue zile nyuzi za rangi ya chungwa bustani nzima ikiwa imekufa kwa baridi.

Leo natoka kazini nakuta MPIRA. Duara kamili. Jamaa kasimama pembeni anajifuta jasho: "Nimekusafishia hicho kichaka."

Nimekusafishia. Hicho. Kichaka.

Hii kitu inaguswa ikishamaliza kuchanua, tena kidogo tu! Matumba yanatungwa tangu kiangazi! Nikamuonyesha yaliyolala chini, hivi ni nini? "Uchafu." Akaomba na hela ya kunolea mkasi. NIMEKUSAFISHIA, jamani.

Jembe Butu: Pole mkuu. Ila ulimwachaje peke yake na kiumbe hai?

MamaMaua: "Hicho kichaka" 😂😂 nimeamsha mtoto kwa kicheko.

Mzizi Mkavu: Punguza povu, mti si upo? Mimi nilinunua Jelena, ile hamamelisi ya maua ya chungwa, imebebeshwa juu ya shina la virginiana, hamamelisi ya porini ya Marekani, kama kawaida yao. Maotea ya chini nikayaona mazuri, nikayaacha. Mwaka wa nne mti unanichanulia njano, tena Oktoba! Kumbe Jelena alishakufa, nalea shina la chini. Mimi nilie wapi?

Koleo: @Mzizi Mkavu maotea yanang'olewa kwa mkono yakiwa machanga. Ukiyakata na mkasi yanaita ndugu zao.

Mleta uzi: Msinihamishie mada. Alisema NIMEKUSAFISHIA.

Jembe Butu: Tumesikia, mkuu.

Mbegu Moja: Afadhali nyie mna miti. Mimi nilipanda mbegu, nachungulia chungu mwaka wa pili huu. Mke wangu anauliza kwa nini namwagilia udongo.

Koleo: Huwa inataka ipitiwe na majira mawili ya baridi. Vumilia.

Babu Kisima: Mleta uzi, kwenye hayo yaliyokatwa hakuna tawi lenye panda? Wazee wa Marekani walitafutia maji ya ardhini kwa mti huo huo.

Mbegu Moja: Babu, kijiti hakitafuti maji. Tuwe serious.

Babu Kisima: Wewe unayemwagilia udongo miaka miwili ndiye wa kunifundisha habari za maji?

Jembe Butu: 😂😂😂 Mbegu Moja funga akaunti.

MamaMaua: Hayo tuyaache. Nani majani yake yamekauka yakagoma kudondoka? Maua yametoka hayaonekani, kila asubuhi nayachomoa moja moja kama natoa chawa.

Mzizi Mkavu: Kwangu vile vile! Na nikimaliza kuyachomoa, paka wa jirani analala kwenye matandazo.

MamaMaua: Usinikumbushe paka. Yaani paka!