Mnaokuja kuwachokoza kasuku wetu mpate klipu, na mnaonunua kasuku kwa sababu ya klipu: imetosha!

Wandugu, nimekuja na hasira na sitaificha. Ninaishi Mombasa na kasuku wawili wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Wote wana kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya, kama sheria ya wanyamapori ya 2013 inavyotaka. Wiki hii nimemtoa mgeni nyumbani kwangu kwa ajili yao, na sasa ukoo mzima unanung'unika eti nimemvunjia mtu heshima kwa sababu ya ndege. Naliweka hapa hadharani, maana najua aliyenifanyia haya ana wenzake wengi, na baadhi yao wanasoma hapa.

Huyo mgeni ni shemeji wa binamu yangu. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, simu mkononi, hata maji hajanywa. Alitaka Rehani, mmoja wa kasuku wangu, aseme "hodi" kisha arushe tusi fulani ambalo yeye alilisikia kwenye video ya mtu mwingine. Rehani hakutaka. Saa zile huwa anasinzia, amesimama kwa mguu mmoja, manyoya ya shingo yamefura. Jamaa akaanza kugonga tundu kwa ufunguo wa gari. Rehani akampa mgongo. Jamaa akaingiza kalamu kati ya nyuzi za tundu na kumchoma kidarini ili "aamke". Akaumwa kidole. Akalipiga tundu kofi.

Ndege akaanguka kutoka kwenye kijiti, akapapatika kule chini kwa hofu, akavunja unyoya mchanga wa bawa. Wasiofuga hawajui: unyoya unaoota bado una damu ndani ya shina lake, na ukivunjika damu haikatiki upesi. Nilimfunga kwa taulo, mama akanishikia taa ya simu, nikabonyeza wanga wa mahindi pale penye jeraha huku moyo wa yule ndege ukidunda kwenye kiganja changu. Na jamaa alikuwa anarekodi. Anarekodi na anacheka. Hapo ndipo nilipomwonyesha mlango.

Nimetolewa methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu hakumponya mtu. Kaacha damu kwenye bawa na ndege ambaye mpaka leo akisikia funguo zikilia anajibana kwenye kona ya tundu.

Nataka mjue Rehani ni nani, maana mkishamjua mtaelewa kwa nini nimekasirika hivi. Ni mtundu kupindukia. Asubuhi akitolewa tunduni anapanda juu ya meza, anachukua kijiko cha chai, anakisukuma mpaka ukingoni, anakiachia, kisha anainamisha kichwa kukitazama kinavyoanguka na kusema "Aaah!" kwa sauti ya mama yangu. Ukikiokota, anakiangusha tena. Anaweza kuendelea hivyo mpaka wewe uchoke. Anapenda kulala chali mkononi mwangu ameshika kifuniko cha chupa kwa miguu yote miwili, anakizungusha, anakitafuna, na ukitaka kukichukua anakivuta. Huiga kengele ya geti kiasi kwamba mtoto wa dada yangu hukimbia kufungua, akirudi anamkuta Rehani anajisemea "Nani? Nani?" Anabisha hodi mwenyewe na kujikaribisha mwenyewe. Akifurahi, mboni za macho zinakuwa ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, haraka haraka. Akikupenda sana hukutapikia kidogo chakula alichokila, jinsi kasuku wanavyolishana porini.

Mambo hayo yote huyafanya kwa hiari yake, kwa watu anaowaamini, na kwa wakati wake. Kasuku wa kijivu ni ndege wa kundi. Porini hulala pamoja kwa mamia kwenye miti mirefu, alfajiri wanaitana, jioni wanaitana. Akiwa nyumbani mwako, kundi lake ni wewe. Anaiga simu yako, kikohozi cha baba na honi ya tuktuk kwa sababu hizo ndizo sauti za kundi lake, naye anataka kuwa mmoja wenu. Halafu anakuja mtu asiyemjua, anamgongea nyumba yake kwa ufunguo, anadai aimbe!

Yupo kasuku wa kijivu aliyechunguzwa sana, Alex, aliyenunuliwa dukani Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, akafa 2007 akiwa na miaka 31. Alijua zaidi ya maneno mia moja, alitaja rangi, maumbo na malighafi ya vitu, alihesabu mpaka sita. Ndege huyo, pamoja na akili zote hizo, akichoka na maswali aliomba arudishwe kwenye tundu lake. Na walimrudisha! Watu waliokuwa wanategemea majibu yake kwa kazi yao walimheshimu akisema basi. Shemeji yetu mwenye simu hawezi kumheshimu ndege anaposinzia?

Kuhusu matusi ndiyo nataka kusema kwa ukali zaidi, kwa sababu hapa kila mtu anajifanya hana hatia. Kasuku haelewi tusi kama wewe unavyolielewa. Anachojua ni kwamba akitoa sauti hii, watu wanageuka, wanapiga makofi, wanacheka. Kicheko chenu ndicho malipo yake. Mwaka 2020 huko Uingereza, bustani ya Lincolnshire Wildlife Park ilipokea kasuku watano wa kijivu kwa wakati mmoja, wakawekwa pamoja, wakawa wanatukana na kuchekana. Wageni nao wakafurahi, na kadiri watu walivyocheka ndivyo ndege walivyozidisha. Ikabidi watenganishwe. Dunia nzima iliichukua habari hiyo kama kichekesho. Mimi nilijiuliza kila mmoja wao alifundishwa na nani, na kwa nini wenyewe waliwatoa. Nyumbani kwangu kuna mama mtu mzima na watoto wanaotoka madrasa. Ukimfundisha Rehani tusi kwa dakika tano ili upate klipu yako, wewe unakwenda zako, mimi nabaki nalo. Kasuku hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 40, hata 60. Tusi lako litakuzika.

Sasa nyinyi wanunuzi. Kombo, kasuku wangu wa pili, alikuwa wa familia moja iliyoona klipu za kasuku wanaocheza muziki, ikataka naye awachezee. Muuzaji aliwaambia ni ndege rahisi, mpe alizeti na maji, ataongea baada ya wiki mbili. Wakamweka kwenye tundu la duara la kuku watatu, barazani, peke yake kutwa nzima. Bila shaka alipiga kelele alfajiri na magharibi. Angefanya nini? Alikuwa anaita kundi. Wao wakamfunika blanketi. Akapiga kelele zaidi. Wakamhamishia stoo. Akaanza kujinyonyoa.

Alipofika kwangu kidari chote kilikuwa kitupu, ngozi ya waridi yenye vipele, manyoya mazima yamebaki kichwani, pale ambapo mdomo wake haufiki, na kwenye bawa la kulia. Manyoya ya bawa la kushoto yalikatwa kwa mkasi karibu na nyama, ya kulia yaliachwa, ili akijaribu kuruka apinduke. Basi alikuwa anapinduka, anaanguka kwenye vigae kwa kifua, na juu ya mfupa wa kidari ngozi ilikuwa imepasuka, ikapona, ikapasuka tena. Usiku wa kwanza alipata degedege. Kasuku wa kijivu wana udhaifu huo: wakilishwa alizeti tupu, kalsiamu katika damu inashuka mpaka mwili unatetemeka na ndege anaanguka kutoka kwenye kijiti. Vitamini A nayo inaisha, pua na koo zinaanza kuugua. Tangu hapo anakula mchicha, sukuma wiki, karoti, boga, pilipili hoho, dengu zilizochipua, na mawese kidogo nikipata. Manyoya ya kidari yamerudi nusu. Daktari anasema vinyweleo vingine vimekufa, hapo hapaoti tena.

Na bado Kombo ni mchezaji! Hilo ndilo linaloniumiza. Pamoja na yote waliyomfanyia, ukimpa boksi tupu la viatu analichana vipande vidogo vidogo kwa utaratibu kama fundi, kisha anaingia ndani, anajificha, anatoa kichwa, anapiga mluzi. Haongei. Hajawahi kusema neno hata moja tangu aje kwangu. Wale waliomtaka aongee wasingekaa muda wa kutosha kumwona akicheza na boksi.

Bei mnayoilipa inakwenda wapi, mmewahi kuuliza? Wengi wa kasuku hawa wametoka misitu ya Congo. Wanategwa kwa ulimbo juu ya miti, wakati mwingine kwa kutumia mwenzao aliyefungwa ili aite wengine. Wakishanata, mtegaji anawabandua, manyoya yanabaki kwenye gundi. Wanabanwa kwenye masanduku, na wengi wanakufa kabla hawajafika sokoni. Ghana idadi yao imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992. Hapa kwetu Kenya walikuwa upande wa magharibi, msitu wa Kakamega, na waliobaki huko ni wa kuhesabika. Ndiyo maana mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwaweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ikapigwa marufuku kuanzia Januari 2017. Mnaonunua kwa mtu wa WhatsApp asiye na karatasi, anayeleta ndege ndani ya boksi lenye matundu ya msumari, ndio mnaomlipa yule mwenye ulimbo. Msije hapa kuniambia mnapenda ndege.

Na wageni, kabla sijasahau: moshi. Nyumba zetu za pwani tunapenda udi, nami naupenda, lakini kwangu chetezo hakiingii sebuleni. Mapafu ya ndege yameumbwa tofauti na yetu, hewa inapita upande mmoja mfululizo kupitia vifuko vya hewa, kwa hiyo sumu inamwingia haraka sana. Kikaango kisichoshika chakula kikisahauliwa motoni mpaka kipate joto kali, mvuke wake unaua kasuku aliye chumba cha pili na wewe hujasikia hata harufu. Parachichi ni sumu kwao. Chokoleti ni sumu. Nimeshamnyang'anya mtoto wa watu kipande cha parachichi mkononi kikiwa sentimita chache tu kutoka mdomo wa Rehani, na mama yake akanuna. Anune. Nilimwambia mlangoni, akaitikia, akaona ni maringo yangu.

Na madaktari wa mifugo pia nina neno nao. Si wote, wapo wawili mjini humu wanaojitahidi na Mungu awalipe. Lakini nilipompeleka Kombo akiwa anatetemeka, kliniki moja waliniambia nimpe dawa ya kuku na nikimwona hafai "nitafute mwingine, wapo". Ulikuwa mwili wenye roho unaotetemeka mezani kwao. Kama hujasoma habari za ndege, sema hujui, nielekeze kwingine, nisipoteze saa ambayo ndege hana.

Kuanzia sasa kwangu ni hivi. Simu zinabaki mezani. Hakuna anayeingiza kidole wala kitu tunduni. Ukitaka kumwona Rehani akifanya vituko, kaa chini, kunywa chai yako, zungumza na mama, mwache akutazame. Akikukubali atakuja mwenyewe kukuvuta kifungo cha shati, na hapo utaona mchezo ambao hakuna klipu iliyowahi kuupata. Asipokukubali, basi umekunywa chai. Ukoo wakitaka niombe radhi, shemeji aje kwanza alipe bili ya daktari wa bawa.

NYONGEZA: Naona mmeanza kuniletea meseji. Anayesema kasuku wake "amekuwa mkali ghafla" akifika umri wa miaka minne au mitano: hajawa mkali, amebalehe. Usimpige, usimpulizie maji usoni, usimfungie. Mpe usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili gizani, mbadilishie vitu vya kutafuna, usimpapase mgongoni na chini ya mabawa, na uvumilie. Anayetaka kumwachia wake "aruke zake porini" huku Mombasa, tafadhali usifanye hivyo, hatajua chakula wala kundi, atakufa kwa njaa au kwa kunguru. Wapigie KWS. Na wale watatu walioniuliza inboksi Kombo nitamuuza bei gani, kwa kuwa "si anaanza kupona", siwajibu.