Mrejesho: Binti aliyekataa mchicha na dagaa

Nawashukuru nyote mliojibu nilipouliza namna ya kumsaidia binti yangu wa miaka 4, aliyekuwa akisukuma sahani kila alipoona mchicha au dagaa. Tumefuata ushauri wa kutomlazimisha wala kumwahidi soda, bali kumwekea kijiko kimoja tu kando ya wali anaoupenda, huku sote tukila chakula kilekile, kwa kuwa mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali. Mchicha wa nazi sasa anaula, hasa akiwa ameshiriki kuuchambua. Dagaa bado huwanusa na kuwaacha, nasi hatumgombezi. Naamini kilichosaidia zaidi ni kuacha kumpa biskuti jioni, maana sasa huja mezani akiwa na njaa.